Riali Tisa

Riali tisa. Nimezifunga kwenye pindo la mtandio,
si kwenye mkoba: mkoba huombwa.
Mbili kasoro baiza mia, basi kutoka Nizwa.
Mbili kasoro baiza mia nyingine za kurudi,
hizo nimezipigia fundo la peke yake
zisisikie wenzao wakiitwa.
Mbili na nusu kitanda, Ruwi, chumbani kwa Awino:
wasichana sita, feni moja
inayogeuka kulia, inageuka kushoto,
kama imamu anayetoa salamu asimalize.
Kilichobaki kihesabu wewe. Mimi nimechoka kuhesabu.

Mwezi wa kumi na nne huu,
nchi nimeijua kwa sakafu zake:
marumaru ya sebuleni, vigae vya jikoni, ngazi ishirini na mbili.
Bibi mwenye nyumba akaniuliza, siku mbili utakwenda wapi?
Baharini.
Akacheka. Baharini kuna nini?
Kuna maji, bibi.
Sikumwambia kwamba kwetu Pangani
maji hayo huingia uani bila hodi.

Matrah nimefika kwa miguu.
Nauli ya basi la mjini nimeila asubuhi,
chapati na yai, chai ya maziwa yenye iliki nyingi,
na jua likanishika bega njia nzima kama mdai.
Meli ya watalii imetia nanga, ghorofa juu ya ghorofa.
Wao wanapatana bei ya majambia yasiyokata hata kitunguu.
Mimi napatana na kivuli.
Macho hayana pazia, wala hayakatiwi tikiti:
nimetazama ngome bure, paka bure,
nimeonja halua maduka matatu,
kijiko kimoja kila duka, uso nimeukunja
kama mnunuzi mgumu.
Duka la nne muuzaji akanitilia kijiko cha pili,
akasema taratibu, hiki cha njaa.
Nikaona haya.
Nikala.

Ndani kabisa, njia inapopinda, duka la ubani.
Karibu, dada.
Kiswahili! Tena si kile cha kuitia wateja,
ni kile chenye vumbi la kabatini.
Mama yake, Bi Shinuna, alizaliwa Wete, kafa mwaka juzi.
Yeye, Muhanna, hajapata kuvuka.
Robo kilo ya hojari, riali nne. Nikacheka. Akacheka.
Basi nilipe maneno, akasema.
Maneno gani?
Vile vyombo vya jikoni. Mama alikuwa akivitaja, hapa hatunavyo.

Nikaanza. Kata. Kawa. Kifumbu.
Akafumba macho.
Mbuzi, nikasema, lakini si wa kuchinja,
wa kukalia, wa kukunia nazi.
Akajipiga paja: Huyo! Huyo mbuzi!
Kibia. Pakacha. Mwiko.
Kila neno akaangusha punje karatasini,
nyeupe yenye ukijani kwa mbali,
na mtalii aliyesimama mlangoni kungoja bei
hakutajiwa bei.
Na ukoko? akauliza ghafla.
Ukoko si chombo, kaka.
Najua, akasema. Lakini tulikuwa tukiugombania.

Alasiri nimekaa juu ya ukuta, miguu inaning'inia.
Bahari imetulia kama maji ya beseni,
haina harufu ile niliyoifuata.
Nikafungua karatasi, nikatafuna punje moja:
uchungu, kisha kama ndimu, kisha ikaganda menoni.
Nina baiza mia tisa.
Mwenye akili angezituma nyumbani.
Nikanunua aiskrimu.
Ikayeyuka kabla sijaijua vizuri,
ikateremka mpaka kwenye kifundo cha mkono,
nami nikaulamba, mbele za watu,
maana mkono mtupu ndio haulambwi,
na wangu leo haukuwa mtupu.

Basi la Nizwa ni alfajiri. Fundo lile halijafunguliwa.
Feni inatoa salamu kulia, inatoa kushoto,
Awino anakoroma,
nami nimekurupuka kitandani peke yangu gizani:
kinu!
Nimesahauje kumtajia kinu?